Zena, Hukufuta Nyayo

Zena, acha kucheza.

Umekufa, mdogo wangu. Mtu akifa hulala. Umeoshwa, umekafiniwa, umeswaliwa, na wanaume wamerudi kutoka makaburini na vumbi kwenye pindo za kanzu wakasema kazi imekwisha. Mimi nikawaamini. Hitima ya arobaini tumeisoma, pilau imeliwa, majamvi yamerudishwa msikitini. Sasa wewe nani hata uinuke uendelee na ngoma wakati wenzako wote wa upande huo wametulia? Tangu tukiwa wasichana kule Mkange nilikuwa nakwambia, huna adabu ya kumaliza jambo. Ukitwanga, mchi unauacha ndani ya kinu. Ukifagia, taka unaziacha mlangoni. Na sasa umeniachia hili.

Ilikuwa wewe uniamkie kwanza, maana mimi ndiye mkubwa. Lakini wewe uko huko na mimi niko huku, basi shikamoo yako naiweka kiporo. Tutaizungumza mwisho.

Naandika mwenyewe. Saumu, binti yangu, alitaka nimtajie maneno aandike yeye, nikamkatalia. Hili ni la tumbo moja. Mwandiko wangu unaujua, ulizoea kusema ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Soma hivyo hivyo, huna kazi nyingine.

Kwanza habari za nyumbani, usije ukasema nimekuandikia ugomvi mtupu. Mbuzi wako amezaa, kadume, kana doa jeupe kwenye pua kama kamelamba unga. Bi Kidawa, yule mliyenuniana naye kwa kamba ya kuanikia nguo, alilia msibani kuliko sisi wenye maiti, mpaka nikamwambia, wewe mwanamke, punguza, utakosa cha kulilia ukifiwa na wako. Chumba chako nimekifunga, ufunguo uko kiunoni kwangu. Na msondo wangu, ile ngoma yetu ndefu, niliusukuma chini ya kitanda siku ile ile uliyoondoka. Mimi mpigaji, wewe mchezaji. Mpigaji bila mchezaji ni mtu anayegonga mbao. Watu wa Nianjema wamekuja mara kadhaa kuniomba nipige harusini kwao, nikawaambia mikono inaniuma. Hainiumi.

Basi. Sasa ugomvi.

Unaikumbuka ile siku ya Mapinga. Alikuja kijana Idrisa, mpole, ameshika kofia mkononi, anasema wao wana ofisi huko Mapinga, wanatengeneza katuni ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Jina lake Kwa Mzee Kifundo. Ni nyumba moja, ina baba mwenye tumbo kama mtungi, mkewe, watoto, na mama wa yule mke, bibi mkorofi asiyenyamaza. Wanataka kutengeneza kipindi kimoja cha mafunzo ya dansi, Mzee Kifundo anafundishwa kucheza. Ila hawataki kubuni, wanamtaka bibi wa kweli acheze, halafu yule wa kuchorwa amfuate. Wakaambiwa, Bagamoyo nzima hakuna kiuno kama cha Zena wala mkono kama wa Mwanahawa. Hapo hawakudanganywa.

Tukaenda. Wakakuvalisha nguo nyeusi ya kubana, mwili mzima, wakakubandika vidude vya duara kama kokwa za ubuyu, begani, kiwikoni, kiunoni, gotini, mpaka kwenye dole gumba. Nikasema, Zena, umefanana na samaki mkunga aliyepatwa na tetekuwanga. Ukacheka ukakaa chini. Ukaomba kanga, yule binti wa ofisini kwao, mwenye miwani, akasema, bibi, kanga itaficha vidude, kamera hazitaona. Idrisa akawatoa wanaume wote na yeye mwenyewe akatoka, hilo namshukuru, ana malezi. Tukabaki wanawake watatu na zile kamera zilizoning'inia juu ya ukuta pande zote kama popo.

Nikapiga, ukacheza. Ile ya kufungulia, ya hadharani, ambayo hata wanaume huiona harusini. Ya ndani hukuitoa, na hilo pia nimekuwekea kwenye mizani. Sijapata kukuona ukicheza vile. Ulikuwa na umri wa kuitwa bibi na ulicheza kama mwali anayetolewa.

Halafu ukafika mwisho. Ukasimama, kama ada, ukageuza uso kushoto, nilipokaa, kusubiri pigo la kufungia. Mkono wangu ulikuwa juu. Nawe ukatazama chini, ukaona zulia la buluu, ukaangua kicheko. Ukasema, "Nifute nini, dada, zulia la watu?"

Nikakwambia futa. Nikakwambia pale pale. Hata kama hakuna mchanga, hata kama huna kanga, inama ufute kwa kiganja, rudi kinyumenyume mpaka nilipo, ndivyo mama alivyotufundisha. Mchezaji hufuta nyayo zake kwa pindo la kanga, mwenyewe, kabla hajanywa maji, na mpigaji humpigia pigo la kufungia mpaka unyayo wa mwisho uishe. Mama alikuwa akisema ngoma isiyofutwa hutembea. Wewe ukanijibu, "Zulia halishiki nyayo, dada, tusijitie wazimu." Yule binti akasema tayari, bibi, asante. Mkono wangu nikaushusha kimyakimya. Ukaenda kunywa soda ya chungwa.

Zulia halikushika, kweli. Zile kamera ndizo zilizoshika.

Kisha presha ikakuchukua kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa, na mimi mambo ya Mapinga nikayasahau.

Ikaja Jumamosi moja asubuhi, baada ya arobaini. Watoto wa jirani wamejazana sebuleni kwangu kwenye mkeka, mimi niko kitini nachagua mchele kwenye ungo. Wakapiga kelele, Mzee Kifundo, Mzee Kifundo. Mimi katuni sizitazami, macho yangu nayatunzia mambo ya maana. Lakini nikasikia wanacheka sana, nikainua uso.

Yule mzee anamwoza binti yake. Barazani kwake amejisifu kwamba ujanani alikuwa mchezaji, kumbe hata kushika mapigo hajui. Anaona haya, hataki mkewe ajue, anakwenda jikoni kwa siri kujifunza kwa mama mkwe. Nikasema astaghafirullah, mtu na mkwewe jikoni, mlango umerudishwa. Watu wa kuchorwa hawana mila. Anatia mguu kwenye sufuria ya maharage, anamkanyaga paka, anaanguka juu ya gunia la mkaa. Mwenyewe nilicheka, sitasema uongo. Yule bibi anamwambia, "Mkwe wangu, wewe huchezi, wewe unahamisha kabati." Halafu anaweka mwiko chini, anajifunga kibwebwe, anasema, "Tazama."

Hapo nikaacha kucheka.

Sura haikuwa yako. Kichwa kikubwa kama boga, miwani, meno mawili ya mbele, na miguuni viatu vya visigino, wewe uliyekuwa huwezi hata kuvaa ndara bila kulalamika. Lakini bega la kulia likashuka kwanza, kama mtu anayetua ndoo, ndipo kiuno kikafuata. Nani mwingine anashusha bega kwanza? Halafu mguu wa kushoto ukaja nyuma, ukijiburuta kwa dole gumba, ukichora mstari. Lile dole lililoangukiwa na mchi kule Mkange, nami nikalifunga kwa kitambaa nikakwambia usilie. Ukitembea lilikuwa kama la mtu yeyote. Ni kwenye ngoma tu lilikuwa linaukumbuka mchi. Nikaliona ndani ya kiatu cha kuchorwa, Zena. Mwili wako uko kwenye kioo changu na uso wa mtu mwingine umekaa juu yake kama kofia.

Mikono yangu ilikuwa imeanza kupiga ungo. Sikuiagiza. Inakujua kuliko inavyonijua mimi. Mchele unaruka, nami napiga, nawe unacheza, na watoto wanacheka. Nilipojitambua nikaiondoa mikono. Na picha ikaganda.

Yule bibi mguu juu, mdomo wazi, amegeuza uso kushoto. Kushoto ndiko nilikokaa.

Watoto wakalalama. Saumu akatoka jikoni na sabuni mikononi, akakipiga king'amuzi kofi. Kimya. Akakipiga tena. Kimya. Nami nikagusa ungo kwa kidole, taratibu, nikiwa sijui hata kwa nini. Mguu ukashuka.

Saumu akasema, "Si mnaona? Hiki mpaka kipigwe."

Sikugusa ungo tena siku hiyo. Mchele ulipikwa na mawe yake, na walioutafuna wakanilaumu. Katuni ikaisha, Mzee Kifundo akacheza harusini, watu wakampigia makofi. Hakuna aliyeinama. Hakuna aliyefuta kitu.

Sasa nakuja kwa mtoto, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Mwanaidi wa Saumu, mjukuu wetu, yule aliyekuwa akikunyonyolea mvi ukimhonga visheti. Meno ya utotoni bado yanamtoka. Uani kwenye ngoma za wakubwa hajawahi kuingia, unajua mwenyewe sheria yangu, mtoto akichungulia nami nachungulia bakora. Hakuwahi kukuona ukicheza hata siku moja, hata harusini, maana ngoma zilimkuta amelala. Jumamosi ile ile baada ya chakula akatoka nje akacheza. Watoto wenzake nao walicheza, kila mtoto wa mtaa alikuwa anamuiga yule bibi, wanatingisha makalio, wanaanguka, wanacheka. Yeye hakucheka. Bega likashuka kwanza. Na mguu ukaburutwa.

Majirani wakafurahi. Bi Kidawa akasema, "Huyo Zena huyo, damu haipotei." Nikamwambia anyamaze.

Kesho yake nikatoka kwenda kufungulia kuku. Uwanja tulikuwa tumeufagia tangu jana magharibi, mistari ya ufagio ipo. Juu ya mistari kulikuwa na nyayo. Ndogo, za mtoto, zimezunguka kama unavyozunguka wewe, na upande wa kushoto kila unyayo una mkia, mstari wa dole. Nikasema ameamka kabla yangu akacheza, watoto ndivyo walivyo. Nikawafungulia kuku. Kuku wakaja mbio kama kawaida yao, wakafika pale, wakasimama. Halafu wakapita pembeni. Mmoja mmoja, Zena, kwa adabu, kama watu wanaopita mbele ya baraza la wazee. Hata yule jogoo mpumbavu.

Nikamuuliza mtoto, umecheza asubuhi? Akasema, "Sijatoka, bibi." Miguu yake ilikuwa safi.

Tangu hapo anacheza. Televisheni imezimwa, anacheza. Saumu kaifunika kanga, anacheza mbele ya kanga. Akicheza hatazami watu wala miguu yake. Anageuza uso kushoto, ananitafuta nilipokaa, na akinipata hatazami uso wangu. Anatazama mikono yangu. Nimeanza kuificha ndani ya mtandio nyumbani kwangu mwenyewe.

Halafu dole likaanza kumuuma. La kushoto. Anachechemea akienda shule, usiku analishika. Saumu akampeleka hospitali, wakalipiga picha, daktari akatuonyesha mfupa mzima mweupe kama wa samaki, akauliza kama viatu havimbani. Viatu havimbani. Mtoto amekonda, Zena. Chakula anakila nusu, anasema amechoka miguu. Nikamuuliza amechokea wapi, akasema, "Kwa yule bibi. Hanipumzishi." Nikamuuliza bibi gani. Akanionyesha televisheni iliyofunikwa.

Usidhani nimekaa tu nimeshika tama. Mwalimu wa madrasa amekuja amemsomea, na nimetoa sadaka. Akisomewa hulala vizuri, na Mungu ni mkubwa. Lakini ikija Jumamosi ile katuni inaonyeshwa tena, huku kwetu na kwa watu wote, na siku ya pili uwanja wangu una nyayo. Mwalimu mwenyewe aliniambia, dua inamlinda mtoto, ila kama kuna haki ya mtu haijakamilishwa, ikamilisheni. Ndipo nikaikumbuka soda ya chungwa.

Saumu ananigombeza. "Mama, unamtia mtoto hofu na mambo yako ya Mkange." Mwache aseme. Kulea amejua juzi. Ila hata yeye kwenye uwanja sasa anapita pembeni, pamoja na kuku.

Kilichonifanya nishike kalamu ni cha adhuhuri moja ya wiki hii. Jua kali, mtaa umenyamaza, nimejilaza sakafuni chumbani kwa sababu ya joto. Mwanaidi akaja mlangoni. Akasimama, mkono kwenye mwimo wa mlango, uzito wote ameuweka mguu wa kulia. Akasema:

"Dada, pasha. Ngozi imelegea."

Mjukuu wangu akaniita dada.

Unajua maneno hayo ni ya nani. Hukuyasema mbele ya watu, ulikuwa unaninong'oneza sikioni katikati ya ngoma ili tusiaibike, nami nikawa naupeleka msondo kwenye moto wa makumbi ya nazi, ngozi ikaze. Na sauti haikuwa yako. Ingekuwa yako ningejua la kujibu, ningekugombeza mpaka urudi ulikotoka. Ilikuwa sauti yake, ile nyembamba, yenye kithembe cha pengo. Hilo ndilo lililonisimamisha nywele. Sikujibu. Mama alitukataza kuitikia wito wa aliyekufa. Mtoto akasubiri kidogo, akakuna shavu, akauliza, "Bibi, kuna maembe?" kama vile hakuna kilichopita.

Nikamtuma kwa Bi Kidawa. Nikainama chini ya kitanda, nikauvuta msondo, nikaweka kiganja kwenye ngozi. Ilikuwa ya moto. Bati la adhuhuri linapasha kila kitu, mimi si mtoto, najua. Ila sakafu niliyokuwa nimeilalia, ubavuni mwa ngoma hiyo hiyo, ilikuwa baridi.

Kesho yake nikafunga safari ya Mapinga.

Idrisa akanipokea vizuri. Akaniamkia, akanipa kiti chenye mgongo, akasema, "Bibi, pole sana kwa Bibi Zena, tulipata habari tumechelewa." Nikamwambia nataka kumwona. Hakuniuliza namaanisha nini. Akanikalisha mbele ya kioo kikubwa, akabonyeza.

Zena, si yule bibi wa miwani. Kabla ya kuchora, kumbe wana kingine. Kulikuwa na giza tupu, na ndani ya giza vidoa vyeupe, vile vya kokwa za ubuyu. Havina nyama, havina nguo, havina uso. Vikashuka, cha bega kwanza. Vikazunguka. Cha dole gumba kikaburutwa. Nimekuona ukizaliwa na nimekuosha kwa mikono hii ulipokufa, na sikuwahi kukuona uchi kama hivyo. Vidoa vile vilikuwa wewe kuliko maiti yako ilivyokuwa wewe.

Vikafika mwisho. Vikasimama. Kile cha kichwa kikageuka kushoto, kikasubiri. Kikasubiri pigo langu, namna ile ulivyosimama kabla hujacheka zulia la watu. Kabla sijavuta pumzi vikaruka mwanzo, vikaanza tena. Tena. Tena. Nikauliza, hakomi? Idrisa akasema, "Tumemweka hivyo bibi, azunguke. Kila tukimhitaji mtu wa kutembea katika katuni, tunampa miguu ya Bibi Zena. Sasa hivi mpaka Mzee Kifundo anatembelea miguu yake, mpaka mbuzi wao. Ni mzuri mno, hachoki."

Nikamwambia, "Anachoka, mwanangu. Hamjamuuliza."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anataka kutabasamu, akaona uso wangu akaacha. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule binti wa miwani ameomba kuhama meza. Jioni anazima mashine yake mwenyewe, kwa mkono wake, na asubuhi anakuta vidoa vimesimama vimegeuka kushoto. Nikamuuliza kama anaweza kukuondoa. Akasema humo ofisini anaweza, lakini katuni imeshakwenda kwa watu, iko kwenye simu za watoto mpaka Bukoba huko, hairudishiki. Basi tukakubaliana jambo lingine, na nimekuandikia ili usije ukasema hukuambiwa.

Sikiliza. Jumapili hii baada ya alasiri nakwenda Mapinga. Msondo nimeshaupasha kwa makumbi, umekaza, ukiugusa unaita. Nimechota mchanga uwanjani, upande wako, si wangu, mbele ya mlango wako pale ulipokuwa ukikaa kuchambua mchicha, nimejaza kiroba. Lile zulia la watu wanalikunja. Mchanga nitautandaza sakafuni chini ya ukuta, na vidoa vyako vitaonyeshwa ukutani kwa ukubwa wa mtu, Idrisa anasema inawezekana. Juu ya mchanga nitaweka kanga yako, ile ya kisutu uliyokataa kuniazima. Wanaume watatoka. Yule binti atabaki, amekubali.

Mwanaidi haji. Atabaki na mama yake. Nimemwosha miguu kwa maji ya marashi, nimemwambia Jumapili bibi anakwenda kumaliza kazi. Akaniuliza, "Utapiga?" Nikasema nitapiga. Ndipo akala sahani yote, mara ya kwanza tangu mwezi uandame.

Nitakupigia ngoma yote tangu mwanzo, sitakukatiza, maana ni haki yako na ulikuwa unaipenda. Ukifika mwisho, ukisimama, ukigeuka kushoto, hutakuta mkono wangu hewani. Utalisikia pigo. Mpaka hapo kazi ni yangu. Baada ya hapo ni yako.

Ukikaidi, nitashuka mimi kwenye mchanga. Magoti yangu unayajua, nikiinama sijui nani ataniinua, lakini nitainama nifute kwa niaba yako, maana tumetoka tumbo moja na mama hakubagua. Ila nitakuwa nimekasirika, na siku tutakayokutana hutapenda. Mtoto yule hawezi kukuchezea deni lako. Mungu alimpa miguu ya kwake mwenyewe.

Barua hii naikunja, naiweka ndani ya tumbo la msondo. Humo ndimo ulimokuwa ukinisikia kuliko kokote. Ukiweka sikio utaipata.

Nami nakuahidi haya. Kadume kako sitakachinja, kataitwa jina utakalo, mpaka hapo kanaitwa Unga. Bi Kidawa nitamvumilia. Kila Ijumaa nitakusomea nilichonacho, hata kama ni sura fupi. Na baada ya Jumapili msondo nitaulegeza ngozi kwa mikono yangu, usipigwe tena mpaka siku nitakayokufuata, na siku hiyo piga wewe kwa zamu yako, nicheze mimi, uone kama sikuwa najua.

Lala salama mdogo wangu. Nilikupenda kwa makelele, hivyo ndivyo nilivyopewa.

Sasa fanya hivi. Ukisikia pigo la kufungia, usicheke. Usiniangalie mikono. Usimtafute mtoto, hayupo. Geuka, chukua pindo la kanga, inama, rudi kinyumenyume ukifuta mpaka unyayo wa mwisho, hata ule wenye mstari. Ukifika nilipo sema shikamoo. Nitaitikia marahaba, mara moja. Halafu lala.

Dada yako,
Mwanahawa